Kuangusha mti karibu na nyumba, ukuta au nyaya: piga hesabu kabla ya kuwasha pawa

Mti ukilalia paa la mabati hapa Nairobi, mara nyingi si kwamba fundi hakujua kukata. Alijua sana. Alikosa hesabu tu: alikadiria urefu kwa macho, akaamini kamba na vijana wanne wa kuvuta, kisha akawasha pawa, yaani msumeno wa injini. Mwongozo huu ni wa fundi aliyezoea miti ya shambani, ambako mti ukikengeuka mita mbili hakuna anayeulizwa, na ni wa mwenye ploti anayetaka kumsimamia fundi wake bila kudanganywa. Kama hujawahi kushika pawa soo, usijifunzie kwenye mti ulio karibu na nyumba. Soma, kisha uite mtu wa kazi.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho: mgrevilea wa mita 18, unene wake sentimita 45 kwenye kimo cha kukatia, umesimama nyuma ya ploti ya hamsini kwa mia kule Kasarani. Upande wa kushoto kuna vyumba vya kupangisha vya mabati, kulia kuna ukuta wa mawe wa jirani, na katikati ni njia ya gari inayoelekea getini.

Karatasi kwanza

Mti kuwa ndani ya ploti yako hakukupi ruhusa ya kuukata tu. Ndani ya Nairobi, omba kibali kwa idara ya mazingira ya kaunti. Watatuma mtu auangalie mti. Kama utatoa magogo nje ya ploti, kuna kibali cha kusafirisha mazao ya misitu kutoka Kenya Forest Service, na lori lisilo nacho husimamishwa njiani. Miti ya asili, hasa mugumo, chunguza mara mbili. Mugumo wa Waiyaki Way ulikuwa kwenye njia ya barabara ya juu mwaka 2020, na ilibidi Rais atoe tamko la kuulinda. Wako huenda hautafika Ikulu, ila majirani watauliza.

Mweleze jirani siku na saa. Atoe gari, afunge mbwa, aanue nguo.

Nyaya zikiwa karibu, simama hapo

Laini za barabarani nyingi hubeba volti 11,000, na tawi bichi hupitisha umeme. Kama mti, tawi lake, au njia yoyote ambayo unaweza kuangukia ukikosea inafika kwenye nyaya, kazi hiyo si yako tena. Kenya Power ndio wenye uwezo wa kuzima laini na ndio wenye watu wa kukata karibu nayo. Waya mdogo unaoingia nyumbani ni volti 240, nao unaua vilevile. Omba ukatwe kwa siku hiyo. Angalia pia waya za kujiunganishia zinazopitishwa juu ya mabati na nyaya za intaneti zilizofungwa kwenye mti wenyewe, maana mtaani hazifuati ramani yoyote. Mti ukigusa waya, usiukaribie wala usiuguse kwa fimbo, kamba wala panga. Ardhi inayouzunguka inaweza kuwa na umeme. Weka watu mbali, piga simu.

Pima urefu, pima nafasi

Tafuta kijiti kilicho sawa na umbali kutoka jicho lako hadi ngumi ukiwa umenyoosha mkono. Kishike wima kwenye ngumi, mkono umenyooka, halafu rudi nyuma polepole mpaka ngumi ionekane imekaa kwenye kitako cha shina na ncha ya kijiti imegusa kilele. Kwenye uwanja tambarare, umbali kutoka hapo ulipo hadi kwenye shina ndio urefu wa mti. Weka alama, kisha ongeza mita tatu kwa matawi ya kileleni yanayokatika na kurushwa mbele.

Ploti ya hamsini kwa mia ni futi, yaani mita 15 kwa 30 hivi. Mti wa mita 18 hauwezi kulala kwa upana wake hata ploti ikiwa tupu. Utalala kwa urefu, juu ya njia ya gari, au hautalala mzima kabisa. Na njia ya gari ina upana wa mita nne ilhali matawi ya mgrevilea wetu yametanuka mita tano. Kwa hiyo kabla hata hujaongea habari ya kukata shina, lazima mtu apande apunguze matawi ya kushoto na kulia.

Sasa hesabu ambayo wengi huiruka. Mti hufuata bawaba, ule ukanda wa mbao usiokatwa unaobaki kati ya mkato wa mbele na wa nyuma. Kwenye shina la sentimita 45, bawaba itakuwa na urefu wa sentimita 36 hivi kutoka ubavu hadi ubavu. Ukiikata kombo, upande mmoja ukatangulia mwingine kwa sentimita moja tu, kilele cha mti wa mita 18 kitaangukia nusu mita pembeni mwa ulipolenga. Sentimita tatu ni mita moja na nusu. Kwenye njia ya gari ya mita nne, hiyo ndiyo tofauti kati ya matawi kugusa maua na matawi kugusa dirisha la mpangaji.

Kanuni yangu ni hii: nafasi iliyo wazi iwe na upana wa matawi yaliyobaki, pamoja na mita moja na nusu kila upande. Nafasi ikipungua hapo, mti unashushwa vipande vipande kutoka juu, kila kipande kimefungwa kamba. Ni kazi ya mpandaji mwenye mkanda na vifaa vyake, na gharama yake iko juu. Mfano wetu hautoshi ukiwa na matawi yote. Yakipunguzwa hadi kila upande ubaki nusu mita kutoka shinani, unaingia sawasawa: mita moja ya matawi, moja na nusu huku, moja na nusu kule.

Hapa niseme kuhusu wale wanaokuja kubisha geti na kukuambia watakata bure wachukue mti. Si wote ni wabaya, lakini elewa wanachotafuta. Gogo refu lililonyooka ndilo lenye bei kwa mtu wa mbao, kwa hiyo hatataka kulikata vipande hata kama nafasi inadai hivyo. Analinda gogo lake. Ukuta ni wako.

Mti umeinamia wapi?

Usiamini jicho. Chukua timazi ya fundi wa mawe, inauzwa kwenye hadiwea yoyote, au funga jiwe kwenye uzi. Simama mbali na mti kwenye mstari wa unakotaka uangukie, ning'iniza uzi mbele ya jicho lako na ulinganishe na shina: hapo unaona mwinamo wa ubavuni. Kisha zunguka robo duara uangalie tena: sasa unaona mwinamo wa mbele au wa nyuma. Hii ni miinamo miwili tofauti na dawa yake si moja.

Halafu tazama uzito wa matawi, si shina peke yake. Mti uliomea kando ya ukuta au ghorofa hutafuta jua, kwa hiyo matawi mazito yote huwa upande mmoja hata shina likiwa limenyooka. Mjakaranda ndio bingwa wa tabia hiyo. Mti ulionyeshewa usiku ni mzito zaidi juu.

Gonga shina pande zote kwa kisogo cha shoka kuanzia kitako hadi usawa wa kifua. Mlio mkavu unaorudi mkononi ni mbao nzima. Mlio wa debe ni uozo. Uyoga kwenye kitako, nyufa, mchwa, gome linalobanduka: hizo zote zinakuambia bawaba haitashika. Mti mkavu pia, bawaba yake huvunjika mapema badala ya kupinda. Mti wa namna hiyo karibu na nyumba usiuangushe mzima. Na kwa sababu miti ya mjini hufanywa nguzo za geti, pitisha mkono kwenye gome utafute misumari, seng'enge iliyomezwa na ndoana za kamba ya nguo. Cheni ikikutana na msumari, siku imeharibika.

Siku ya kazi

Anza asubuhi, kabla upepo haujaamka. Ukihisi matawi ya juu yanayumba, ngoja. Sehemu za Embakasi na Ruai zenye udongo mweusi, usifanye kazi hii baada ya mvua kubwa: mizizi hulegea, na wewe mwenyewe huwezi kukimbia kwenye tope linaloshika gambuti.

Mavazi: helmeti yenye wavu wa uso, vizuia kelele, glavu, suruali ya kukinga cheni na viatu vyenye chuma mbele. Fundi anayekuja na ndara, mrudishe.

Safisha kitako cha mti, kisha fungua njia mbili za kukimbilia, kila moja ikielekea nyuma na pembeni, nusu ya pembe mraba kutoka mstari wa kurudi nyuma. Usikimbilie nyuma moja kwa moja. Shina linaweza kuruka na kurudi huko. Zitembee njia hizo kabla, uondoe matofali na vyuma. Kazi hii ina watu watatu wenye majukumu: mkataji, wa kamba, na mmoja ambaye kazi yake ni kutazama kilele na kuzuia watu getini. Huyo wa tatu ndiye huachwa mara nyingi, eti ni gharama. Mkataji haoni kilele. Mkubaliane ishara za mikono, maana pawa ikiwaka hakuna anayesikia. Wapangaji watoke vyumbani, watoto wote wahesabiwe.

Kamba

Kamba ni ya kuvuta. Kuelekeza ni kazi ya bawaba. Wengi wanachanganya haya mawili, wanakata hovyo wakitegemea vijana wavute mti uende wanapotaka.

Ifunge juu, theluthi mbili ya urefu. Kwa mti wetu ni mita 12. Tumia kamba nzima isiyokatika nyuzi, na fundo lisiloteleza. Ivutwe kwenye mstari uleule wa mdomo, yaani mkato wa mbele, utakaokata. Mvutaji asisimame mahali mti unaweza kumfikia, na kwa kuwa ploti ni fupi, pitisha kamba kwenye kapi lililofungwa kwenye kitako cha mti mwingine imara ili watu wavute wakiwa pembeni. Nguzo ya geti ya mawe haifai, inang'oka. Nguzo ya stima usiiguse. Wenchi ya mkono ni bora kuliko vijana kumi kwa sababu inavuta kidogo kidogo na haiachii. Gari ni baya zaidi ya yote: ama magurudumu yanateleza wakati unauhitaji mvuto, ama dereva anakanyaga mafuta na kuvunja bawaba kabla ya wakati wake. Asiwepo mtu aliyezungusha kamba kiunoni au mkononi.

Mwinamo wa ubavuni unataka kamba ya pili, iliyofungwa upande ulio kinyume na mwinamo na kukazwa kabla ya kukata. Kabari hazisaidii sana hapo.

Kukata

Simika fito yenye kitambaa chekundu pale unapotaka kilele kiangukie. Pawa nyingi zina mstari juu ya mwili wake uliokatiza baa, lile bati refu linalozungukwa na cheni, kwa pembe mraba. Baa ikigusa shina, tazama kwenye mstari huo kama unalenga bunduki. Usonge mpaka uielekee fito.

Kata mdomo upande wa kuangukia. Anza na mkato wa juu, ukiteremka kwa mteremko mkali, kisha mkato wa chini uliolala, vikutane vikiwa na uwazi wa digrii 70 hivi. Mdomo mwembamba wa digrii 45 hufungika mti ukiwa bado katikati ya safari, bawaba inavunjika, na kuanzia hapo mti huenda unakotaka wenyewe. Kina cha mdomo kiwe moja ya tano ya unene: kwetu ni sentimita 9. Mikato miwili ikutane sawasawa bila mmoja kupita mwingine. Ukipita hata kwa upande mmoja, mdomo unajifunga mapema upande huo na kuusukuma mti kando. Toa kipande, piga magoti, tazama kona ya ndani. Rudisha mstari wa kulengea kwenye kona hiyo: je, bado unaelekea fito? Hapa ndipo ile sentimita moja inapokamatwa, na bado unaweza kuirekebisha kwa kukata mdomo kina kidogo zaidi.

Kabla ya mkato wa nyuma, chora bawaba kwa chaki pande zote mbili za shina. Unene wake uwe moja ya kumi ya unene wa mti, kwetu sentimita nne na nusu. Chaki ni shilingi chache, na mkataji aliyejipimia kwa macho akiwa kwenye moshi na vumbi hukata zaidi kila mara.

Mkato wa nyuma uwe umelala, usawa wa kona ya mdomo au kidole kimoja juu yake. Baa ikishaingia vya kutosha, gonga kabari nyuma yake kabla ya kuendelea, la sivyo mti ukirudi nyuma utaibana. Kabari iwe ya plastiki au mbao ngumu. Ya chuma itakula cheni. Kutoka kabari hadi bawaba, kwenye mti wetu, ni kama sentimita 30, kwa hiyo kila sentimita moja unayoinua nyuma inasogeza kilele mbele sentimita 60. Kabari ya unene wa sentimita mbili na nusu ikiingia yote imekupa mita moja na nusu. Kama timazi ilikuonyesha kilele kimerudi nyuma zaidi ya hapo, ulipaswa kuwa na kamba iliyokazwa tangu mwanzo.

Kata, simama, gonga kabari, mtazame yule mtazamaji. Kaza kamba. Kata tena. Usipitishe chaki, pande zote mbili. Mkato ukifika kwenye chaki na mti haujaondoka, usiinyofoe bawaba kwa pawa. Ongeza kabari, ongeza mvuto. Maliza ukiwa umesimama upande ulio mbali na ukuta, ili usijikute umebanwa kati ya mawe na shina. Muda wote usiguse chochote kwa sehemu ya juu ya ncha ya baa, ndiyo inayorusha pawa usoni kwako.

Mti ulioinama sana kuelekea mbele una hatari yake: ukiukata kutoka nyuma kwa njia ya kawaida, unaweza kupasuka wima na nusu ya shina kukupiga kifuani. Mikaratusi ina sifa hiyo. Wenye uzoefu hutoboa shina kwa baa nyuma ya bawaba, wanaacha ukanda wa nyuma ushikilie mti, wanaiweka bawaba kwenye unene wake kwa utulivu, kisha wanakata ukanda ule mwisho na kuondoka. Kama hujafundishwa kutoboa na mtu aliyesimama karibu nawe, mti huo uachie mwingine.

Ukisikia mlio wa kwanza wa mbao kuachana, toa pawa, iweke breki ya cheni na uondoke kwa njia uliyoifungua. Tembea haraka, jicho likiwa juu. Subiri mpaka vumbi litulie kabla ya kurudi, kwa sababu matawi yaliyokatikia kwenye miti ya jirani huanguka baadaye.

Mti ukikwama kwenye mti mwingine, hakuna kuingia chini yake wala kuukata ule unaoushikilia. Uvute kitako kwa wenchi ukiwa mbali. Zuia eneo hata kama ni mpaka kesho.

Baada ya kuanguka

Kabla hujakata matawi, angalia ni yapi yamepinda yakibeba shina, yale hufyatuka. Simama upande wa juu kama kuna mteremko, na shina liwe kati yako na tawi unalokata.

Kisha rudi kwenye kisiki na rula. Pima bawaba iliyochanika pande zote mbili. Kama kushoto ni sentimita tano na kulia ni mbili, utaona kilele kilikengeuka kuelekea kushoto, upande ulioshikilia zaidi, na mti ujao utajua mkono wako unavutia wapi. Mwenye ploti naye apime. Ni njia nzuri ya kuamua kama fundi huyo ataitwa tena kwa mjakaranda ulio karibu na tangi.

Kisiki cha mkaratusi kitachipua, kwa hiyo king'oe au menya gome lake lote hadi chini ya udongo. Cha mgrevilea kikatwe sawa na ardhi kama gari linapita hapo, na mashimo yajazwe kabla ya mvua.